Mchakamchaka ukianza, natafuta pa kujificha

Assalaam alaykum Somo, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 33, nakaa Unguja mjini. Mtaa usiuandike, maana huku kwetu ukishataja mtaa na idadi ya watoto, watu wameshakujua mpaka rangi ya mlango wako.

Huyu wa mwisho nimemzaa miezi saba iliyopita, kwa njia ya kawaida, kilo 4 na gramu 200. Alinisumbua kutoka, na nilishonwa. Katika mimba yake niliambiwa nina kisukari cha mimba. Nikapunguza wali na vitu vitamu, na nilipojifungua sukari ikarudi sawa. Daktari akanambia nisiache mazoezi, kwa sababu aliyewahi kupata kisukari cha mimba yuko karibu zaidi na kisukari chenyewe huko mbele. Mama yangu mzazi anacho, naona anavyoteseka na miguu yake, kwa hivyo sikungoja kuambiwa mara mbili.

Kabla ya mimba nilikuwa katika kikundi cha mazoezi cha wanawake. Tunakutana Jumamosi na Jumapili baada ya sala ya alfajiri, viwanja vya Maisara. Tunakwenda mchakamchaka mpaka Kilimani na kurudi, kisha ndio viungo. Nyimbo nilikuwa nazitoa mimi. Mtoto alipofika miezi mitano nikarudi, wenzangu wakanipigia vigelegele. Dakika kumi hazijesha, mwalimu akasema "ruka, panua, ruka, kusanya", nikahisi maji ya moto yananiteremka mapajani. Si tone, Somo. Nami nimevaa suruali ya kijivu. Nikajifunga kanga kiunoni, nikasema nimepigiwa simu mtoto analia, nikaondoka. Nyumbani nilimkuta kalala fofofo.

Tangu siku hiyo nakwenda mazoezini kama mwizi. Usiku wa kuamkia mazoezi sinywi maji baada ya magharibi. Asubuhi nakwenda msalani mara nne kabla sijatoka. Navaa pedi mbili, moja juu ya nyengine, suruali nyeusi, na dira juu yake. Nikiruka bado yananitoka. Nikipiga chafya yananitoka. Juzi nimepandisha ndoo ya maji ngazi mbili tu, ikawa vile vile. Mazoezini nasimama mstari wa mwisho, na nyimbo nimemwachia mwengine, nasema koo linaniuma.

Mama nilimdokeza, akacheka: "Ndio uzazi huo, mwanangu, sote tumepita hapo. Mimi tangu nikuzae wewe sicheki nimesimama." Mavyaa sikumwambia, ila nadhani ameona nguo zinavyojaa kwenye kamba. Ameniletea shabu, kanambia niwe naiweka ndani kidogo kidogo, patabana. Ninayo kabatini. Sijaitumia na sijaitupa.

Mume wangu hajui. Ni mtu mzuri, sina la kumsema, lakini namkwepa, naogopa yatanitoka tukiwa pamoja. Anadhani ni uchovu wa mtoto. Wiki iliyopita kaniuliza kama nina kinyongo naye.

Na ibada pia. Nilikuwa nahudhuria darsa ya wanawake, tunasali laasiri jamaa. Siku moja nimekohoa rakaa ya pili, sala yote iliyobaki najiuliza nina udhu au sina. Sasa nasali nyumbani, darsa nimeiacha.

Tarehe 1 Januari ni siku ya mazoezi, vikundi vyote vinatoka, na chetu kimeshashona sare mpya. Suruali ya sare ni rangi ya samawati ya mbingu. Nimeshatoa mchango. Imebaki miezi mitatu. Niende? Niache mazoezi kabisa, ningoje Mungu aniponye? Na sukari je? Nikenda hospitali nimwambie nani, na akitokea daktari mwanamme nifanye nini?

Naona haya hata kuandika.

Mama wa Watatu, Unguja

* * *

Wa alaykum salaam, na marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona mkojo. Mara ya pili nikaona vitu ulivyoviacha kwa sababu ya mkojo huo: maji ya kunywa, nyimbo, darsa, na mume anayeuliza umemkasirikia nini. Hivyo ndivyo vilivyoniuma mimi, zaidi ya suruali ya kijivu. Nawe umeviandika haraka haraka, kama vitu vya pembeni.

Tuanze na mama yako, kwa sababu kasema kweli nusu. Kweli ni kwamba hili limewapata wengi. Katika miezi ya mwanzo baada ya kuzaa, takriban mwanamke mmoja kwa kila watatu huvujwa na mkojo, kidogo au sana. Kwa hivyo unaposimama mstari wa nyuma ukidhani wa mbele wote ni wakavu, sijui umelipata wapi hilo. Pengine yuko aliyevaa suruali nyeusi kwa sababu kama yako, naye anakuangalia wewe akikuonea wivu. Nusu nyengine ya maneno ya mama ndiyo inayonipa mashaka. Wewe una miaka 33. Ina maana mama yako miaka 33 anatafuta kiti kwanza ndipo acheke. Kalichukulia kuwa ni sehemu ya uzazi kama nywele nyeupe zilivyo sehemu ya uzee, na simlaumu, hakuwa na wa kumwambia. Lakini jambo kuwapata wengi hakulifanyi lisitibike.

Sasa ni kitu gani hasa kilicholegea? Umewahi kuona kitanda cha kamba kinavyowambwa? Chini ya nyonga zetu iko misuli imewambwa vile, kutoka mfupa wa mbele mpaka wa nyuma, na juu yake vimekaa kibofu, kizazi na utumbo. Mimba ni mgeni aliyelala juu ya kitanda hicho miezi tisa, na wako alikuwa mgeni wa kilo 4 na ushei, tena wa tatu, na wakati wa kutoka akazivuta kamba mpaka mwisho. Ukiruka, ukikohoa, ukinyanyua ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 nzima, tumbo linasukuma kibofu kwa nguvu, na misuli ya chini haiwahi kukaza. Mkojo unatoka. Kunyonyesha nako huiteremsha homoni ya estrojeni, sehemu zile zikawa kavu na dhaifu zaidi. Usiache kunyonyesha kwa ajili hiyo. Nakwambia ujue tu kwamba mwili wako bado haujamaliza kurudi.

Kitanda kikilegea hakitupwi, kinawambwa upya. Nitafika huko. Kwanza niruhusu niulize juu ya mambo mawili unayoyafanya ukiamini yanakusaidia.

Maji. Unakaa tangu magharibi mpaka asubuhi bila ya kunywa, unanyonyesha usiku, kisha unakwenda kukimbia. Mkojo ukiwa mchache huwa mkali, na mkojo mkali hukiwasha kibofu kikataka kutoa kila mara. Kisha haja kubwa inakuwa ngumu, unajikamua chooni, na kujikamua kule kunaisukuma chini misuli ile ile tunayotaka ipande. Hapo umebana upande mmoja, umefungua upande wa pili. Kama ni kupunguza, jaribu kupunguza kahawa na chai ya rangi kali asubuhi ya mazoezi, hizo ndizo zinazokichokoza kibofu.

La pili ni hizo safari nne za msalani. Moja kabla ya kutoka inatosha. Kibofu hujifunza, na ukikizoesha kutoa kilichomo kikiwa hata nusu hakijafika, mwisho kitadai kila nusu saa kama mtoto aliyezoeshwa kubebwa.

Na mimi nina swali, mwanangu. Unasema sukari ilirudi sawa ulipojifungua. Je, uliipima tena baada ya hapo? Aliyepata kisukari cha mimba hutakiwa apimwe baina ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kuzaa, kisha kila baada ya mwaka mmoja mpaka mitatu. Nakuuliza kwa sababu sukari ikipanda mkojo unaongezeka, na mkojo mwingi juu ya misuli iliyolegea ni mtihani juu ya mtihani. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwako. Nasema ni kipimo kidogo cha damu, na ukiwa hapo hapo waombe wakupime na mkojo, maana maambukizi kwenye njia ya mkojo nayo husababisha hayo hayo.

Tuje kwenye kuwamba. Kama ulifundwa kabla ya ndoa, kungwi wako alikufunza kubana. Yeye alikuwa na nia yake, tusiingie huko, lakini misuli ni hiyo hiyo. Mwaka 1948 daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya kuibana misuli hii kama tiba ya mkojo, na mpaka leo hospitali zinayaita mazoezi ya Kegel. Makungwi wetu hawakuandika.

Lala chali, magoti juu. Fanya kama unayezuia upepo usitoke mbele za watu, na wakati huo huo unazuia mkojo. Uhisi kitu kinakunjika na kupanda ndani. Makalio yasikaze, mapaja yasikaze, pumzi isizuiwe. Wengi hukosea hapa: wanasukuma chini badala ya kuvuta juu, wakaambulia kuzidisha. Shikilia kwa sekunde 6, ukizoea zifike 10, kisha legeza kabisa kwa muda kama huo. Kulegeza nako ni zoezi. Mara 8, na ufanye hivyo mara tatu kwa siku. Mwisho wa kila mara 8 hizo bana na kuachia haraka haraka mara kadhaa. Usifanye huku unakojoa, kukatakata mkojo njiani si kuzuri kwa kibofu. Kama unaogopa kusahau, fungamanisha na sala: ukimaliza alfajiri, laasiri na isha, kabla hujanyanyuka kwenye mswala. Ukiweza ukiwa umelala, fanya ukiwa umekaa, kisha umesimama. Na jizoeshe kubana kabla ya chafya, kabla ya kikohozi, kabla ya kunyanyua ndoo. Hilo la kubana kabla linaweza kukupa nafuu mapema kuliko yote.

Yaliyobaki yanataka subira. Hupimwa kwa miezi mitatu ya kufanya kila siku. Ndiyo miezi uliyonayo mpaka Januari, lakini sikuahidi kwamba tarehe 1 utakuwa mkavu. Wengine wanapona kabisa, wengine wanabaki na kidogo, na wengine wanahitaji mtu wa kuwaongoza.

Mtu huyo ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani anayetibu kwa mazoezi ya misuli. Wengi tunadhani ni wa waliovunjika miguu tu. Mlango wa kuanzia unaweza kuwa pale pale unapompeleka mtoto kliniki. Akitimiza miezi tisa utampeleka chanjo ya surua, lakini si lazima ungoje siku hiyo. Mwambie mkunga au muuguzi: "Tangu nizae, nikiruka au nikikohoa mkojo unanitoka." Sentensi moja. Hawatashtuka, wanazisikia nzito kuliko hiyo. Kuhusu daktari mwanamme, una haki ya kuomba mwanamke, na kama hayupo siku hiyo, una haki ya kuuliza yupo lini. Naelewa pia kuna mtu ambaye hata hilo la kuuliza ni mlima. Basi muulize mkunga akuulizie.

Usichelewe kwenda ikiwa unahisi kitu kizito kinaning'inia ukeni, au mkojo unachoma, au una homa, au unaona damu. Na hili naliandika kwa msomaji mwengine, kwa sababu kwa ulivyoeleza si lako: kama mkojo unachuruzika mchana na usiku bila ya kuruka wala kukohoa, hasa baada ya uchungu wa siku nyingi, huenda ikawa ni fistula, yaani tundu baina ya kibofu na uke. Mazoezi hayalizibi. Hilo hutibiwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam inafanya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Kuna tiba nyengine mbele, ujue tu kwamba zipo. Iko pete laini inayowekwa ukeni kushikilia mahali. Uko upasuaji, ambao mara nyingi huachwa mpaka mwanamke awe hataki kuzaa tena. Hujafika huko, na wengi hawafiki.

Shabu je? Mavyaa wako kakuletea kwa mapenzi, na huenda kaitumia yeye. Lakini shabu inakausha ngozi ya ukeni, inaichubua, na penye michubuko maradhi hupata njia. Misuli tunayoizungumza iko ndani zaidi, shabu haiifikii. Utakapoulizwa, unaweza kusema umepewa mazoezi hospitali, umeambiwa usichanganye. Hutakuwa umemvunjia heshima.

Na mazoezi yenyewe. Umeniwekea njia mbili, ama kuruka ama kuacha. Mimi naona nyengine katikati. Daktari alikutaka mwili utembee kwa ajili ya sukari, hakusema lazima miguu yote miwili iondoke chini kwa pamoja. Kutembea haraka nusu saa, siku tano za wiki, kunatimiza dakika 150 zinazopendekezwa kwa mtu mzima. Waweza kwenda Maisara ile ile na kundi lile lile, wenzako wakiruka wewe ukanyage mguu mmoja baada ya mwengine, wakilala kunyanyua tumbo wewe usubiri kwanza. Hatari ya njia hii ni kwamba utaulizwa kwa nini huruki. Hatari ya kutembea peke yako ni kwamba utaikosa ile kampani, na nadhani kampani ndiyo iliyokuwa ikikuamsha alfajiri. Hatari ya kuendelea kuruka kama ulivyo ni kuchelewesha kupona. Yupo pia mwalimu wenu. Sijui ni mtu wa namna gani. Kama ni mwanamke na ana stara, maneno mawili ya faragha yanaweza kubadilisha mazoezi ya wengi pasipo kutajwa jina la mtu. Kama ana mdomo, nyamaza.

Mpaka hapo, zile pedi mbili za hedhi zinakuonea. Hazikutengenezwa kwa mkojo unaotoka kwa mpigo. Kama madukani unapata zile za mkojo, moja itakutosha. Kama hupati au bei haishikiki, kitambaa cha pamba kilichokunjwa tabaka nyingi kinanyonya vizuri, ilimradi ukibadilishe na ukianike juani.

Udhu. Mimi si sheikhe. Ninachojua ni kwamba tone likitoka udhu umetenguka. Unajisafisha, unabadilisha kitambaa, unatawadha tena. Na kwa yule ambaye mkojo haumwachi hata kwa muda wa sala moja, wanazuoni wamemuwekea nafasi: anajisafisha, anajiziba, anatawadha baada ya wakati kuingia, anasali. Wewe uko upande gani, muulize mwalimu wa darsa yenu. Suala hili limo kwenye vitabu vya fiqhi karne na karne, kwa hivyo si wewe wa kwanza kuliuliza. Na shaka tupu, bila ya kuona wala kuhisi kitu, haitengui udhu wenye yakini. Nadhani rakaa ile ya pili ulikuwa na shaka tu. Wewe ndiye unayejua.

Nimemwacha mumeo mwisho kwa makusudi. Unasema hajui. Nina hakika anajua kuna kitu. Asilolijua ni jina lake, na kwa kulikosa kalibandika "kinyongo". Unaogopa atachukia. Huenda ukawa unamjua vizuri kuliko mimi. Lakini mtu anayejua kwamba ulishonwa, akashika mtoto mwenye kilo 4 kwa mkono mmoja, sidhani atashindwa na tone la mkojo. Hulazimiki kumpa kila kitu. Unaweza kumwambia: "Tangu nizae misuli yangu ya chini imelegea, natibiwa, nahitaji muda, na sina kinyongo na wewe." Ukiona hilo ni zito kwa mdomo, mwandikie kwenye simu akiwa kazini. Kwenda msalani kabla hamjalala pamoja nako husaidia. Ukiamua kungoja kwanza, sitakulaumu, ila lile swali lake la kinyongo lijibu hata kama hulijibu hili.

Tarehe 1 Januari, basi. Wapo wanaokwenda siku ile wakatembea njia nzima, wazee na wenye magoti yao. Waweza kwenda ukatembea. Waweza kwenda ukakaa kando na mtoto ukashangilia. Waweza kubaki nyumbani na sare ikangoja mwaka mwengine. Kuhusu suruali ya samawati, kwa kuwa mchango umeshatolewa na sare zimeshashonwa, muulize fundi kama shati la sare linaweza kuongezwa urefu mpaka magotini. Nadhani si wewe peke yako utakayefurahi.

Na nyimbo hazihitaji kuruka. Anayetoa wimbo anaweza kutembea.